Baiskeli kwa Ajili ya Moyo wa Mtoto Mchanga

Nawasalimu ninyi mlioko Butula na Bumala, ninyi mlioko Busia mjini, na ninyi wa Malaba mnaotusikiliza huku malori yakinguruma mlangoni. Leo nataka tuzungumze juu ya baiskeli na juu ya moyo wa mtoto mchanga. Mwanakwaya mmoja aliposikia kichwa cha mazungumzo haya alicheka, akaniuliza kama nimeishiwa na mambo ya kusema. Nivumilieni kidogo, nanyi mtaona jinsi mambo haya mawili yanavyokutana.

Huko Uingereza ziko familia ambazo hupanga siku moja, baba, mama na watoto, wakapanda baiskeli na kwenda mwendo mrefu. Kabla ya kuondoka huwaendea jamaa na majirani na karatasi ya ahadi: huyu ataandika fedha kidogo kwa kila kilometa, yule atatoa kiasi kimoja tu kwa safari nzima. Fedha zikikusanywa hununua chombo kidogo cha kupima oksijeni katika damu ya mtoto aliyezaliwa juzi, kikapelekwa katika wodi ya wazazi. Shirika moja la huko, Tiny Tickers, limekuwa likipeleka vyombo vya namna hiyo hospitalini kwa fedha za watu kama hao. Mara nyingi wanaopanda baiskeli ni wazazi waliokwisha kumzika mtoto, au walioponea chupuchupu kumzika.

Hata kwetu Kenya jambo hili si geni. Hospitali ya Mater ya Nairobi kwa miaka mingi imewatoa watu barabarani, wazee na watoto, wakikimbia na kutembea, ili zipatikane fedha za kuwapasua moyo watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Sisi wenyewe ni watu wa harambee. Kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa kuchanga. Tunalohitaji kulijua ni kwa nini tuchangie chombo hiki, na kwa nini baiskeli.

Juu ya baiskeli nitasema kwa ufupi, kwa maana ninyi mnaijua kuliko mimi. Watu wengi wa nchi hii husema neno boda boda kila siku bila kukumbuka lilikotoka. Lilitoka mpakani hapa. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwabeba wasafiri na mizigo yao juu ya baiskeli, kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili, wakiita “boda! boda!” ili abiria wajue wanakokwenda. Zilikuwa zile baiskeli nzito nyeusi tulizoziita black mamba, na nyuma yake keria iliyoshonewa mto ili abiria asiumie. Siku hizi pikipiki zimeshika kazi hiyo, na jina limekwenda mpaka Kampala na Dar es Salaam. Lakini ni akina mama wangapi wa Marachi waliofikishwa hospitali usiku, uchungu umewashika, juu ya keria ya baiskeli? Na ni watoto wangapi waliorudi nyumbani kwa njia hiyo hiyo, wamefungwa kwenye shuka, siku moja tu baada ya kuzaliwa? Baiskeli imebeba watoto wetu wachanga kabla hatujafikiria kuichangia.

Sasa tuje kwenye moyo.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, mtoto 1 hivi huzaliwa na kasoro katika moyo. Hesabu hii ni karibu sawa kwa mataifa yote, kwa matajiri na kwa maskini. Kasoro nyingine ni ndogo, hujifunga zenyewe mtoto anapokua. Nyingine ni kubwa: karibu robo ya watoto hao wana kasoro ambayo itahitaji kutengenezwa kabla hawajatimiza mwaka mmoja, na baadhi yao hawawezi kumaliza hata juma la kwanza bila msaada. Hao ndio ninaowazungumzia leo.

Mtu atauliza: mtoto mwenye moyo mbovu namna hiyo anawezaje kuzaliwa analia, ananyonya, wakunga wote wakamwona mzima? Jibu ni hili. Mtoto akiwa tumboni hapumui. Mapafu yake hayana kazi, kwa kuwa oksijeni anaipata kwa mama yake kupitia kondo na kitovu. Kwa hiyo damu haina haja ya kupita yote mapafuni. Mungu ameweka njia mbili za mkato: tundu dogo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkuu wa kwenda mapafuni na mshipa mkuu wa kwenda mwilini. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi yake ya kwanza, njia hizo zimemaliza kazi yake. Tundu hufunikwa. Ule mshipa mfupi nao huanza kukaza, na kwa siku chache hufunga kabisa.

Ninyi wa mpakani mtalielewa hili upesi kuliko watu wa bara. Fikiri kwamba lango kubwa la Malaba limejengwa vibaya, au halikujengwa kabisa. Malori hayapiti. Lakini iko njia ya panya kando ya mto, na kila kitu kinapita huko: mahindi, sukari, samaki, watu. Mgeni akifika sokoni ataona bidhaa zimejaa, atasema mambo ni mazuri. Halafu usiku mmoja njia ya panya inafungwa. Kesho yake soko ni tupu. Si kwamba lango kubwa limeharibika jana. Lilikuwa bovu tangu mwanzo, ila njia ya panya ilituficha. Ndivyo ilivyo kwa mtoto huyu. Anaishi kwa ule mshipa mfupi. Siku ya kwanza ni mzima, siku ya pili ni mzima, mama anapewa ruhusa, anakwenda nyumbani, majirani wanaleta uji na kuku. Siku ya nne au ya tano mshipa unafunga. Mtoto anakataa titi, anapumua mbio, anakuwa baridi. Kabla gari halijapatikana, amekwisha.

Na hapo ndipo maneno huanza. Nani alimtazama mtoto? Nani alikuja na jicho baya? Mama mkwe na mke wa shemeji hawasalimiani tena. Au husemwa mama alimlalia mtoto usiku, au alikula kitu fulani alipokuwa mjamzito. Wachungaji wanajua ninachokisema, kwa sababu wao ndio huitwa kuzika kisanduku kile kidogo, na wao ndio husikia minong'ono nyuma ya nyumba. Napenda jambo hili lieleweke. Kasoro nyingi za moyo hazina chanzo kinachojulikana. Chache hutokana na ugonjwa wa rubela uliomshika mama katika miezi ya kwanza ya mimba, na kwa ajili hiyo Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya surua na rubela pamoja mwaka 2016. Nyingine hutokea kwa mama mwenye kisukari, nyingine ni za kurithi. Hakuna hata moja inayoletwa na jicho la jirani.

Basi, kama mtoto anaonekana mzima, tutamtambuaje?

Mkunga hodari anatazama rangi ya mtoto na kusikiliza kifua chake. Hilo ni jema na lisiachwe. Lakini macho yana kikomo. Oksijeni katika damu hupimwa kwa sehemu ya 100. Mtoto mzima wa siku moja huwa na 95 au zaidi. Akishuka hadi 88 au 85 amekwisha kuwa hatarini, lakini jicho la binadamu kwa kawaida halioni kitu, na ngozi yetu nyeusi hulifanya jambo hilo kuwa gumu zaidi. Ndiyo maana husemwa tutazame ulimi na ufizi, si vidole. Mikono na nyayo za mtoto mchanga zikiwa na rangi ya kibuluu siku ya kwanza si ajabu. Ulimi wa kibuluu ni jambo lingine, na haungoji kesho.

Hapa ndipo tunapokihitaji kile chombo. Huitwa oksimita. Mwaka 1974 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alieleza jinsi ya kupima oksijeni ya damu bila kumchoma mtu sindano. Damu yenye oksijeni ya kutosha ni nyekundu ng'avu. Isiyokuwa nayo ni nyekundu ya giza. Chombo hupitisha mianga miwili katika nyama ya kidole au ya wayo, mmoja mwekundu unaoonekana na mmoja usioonekana kwa macho, kikapima ni mwanga kiasi gani umenyonywa na damu inayopiga. Kisha huonyesha tarakimu. Mtoto haumii. Anaweza kulala, anaweza kunyonya, muuguzi akiendelea na kazi yake. Yote huchukua dakika chache.

Mtoto hupimwa mahali pawili: mkono wa kulia na mguu mmoja. Wengi huuliza kwa nini mkono wa kulia na si wa kushoto. Ni kwa sababu damu ya mkono wa kulia hutoka kwenye mshipa mkuu mapema, kabla ya mahali ambapo ule mshipa mfupi wa njia ya panya huungana nao. Damu ya mguuni hutoka baada ya mahali hapo. Basi kama damu chafu inapenya kwa njia ya panya, mkono wa kulia utaonyesha tarakimu nzuri na mguu utaonyesha ndogo. Tofauti hiyo ndiyo inayomsema mtoto. Zikiwa 95 au zaidi mkononi na mguuni, na tofauti haizidi 3, mtoto amepita. Ikiwa ni chini ya 90 popote, daktari aitwe mara hiyo. Ikiwa ni katikati, mtoto atiwe joto, anyonyeshwe, apimwe tena baada ya saa 1.

Wakati nao una maana. Mtoto akipimwa mapema mno, mwili wake bado haujazoea kupumua, na watoto wazima wataonekana wagonjwa. Kwa hiyo inafaa asubiri saa 24, au apimwe mwisho kabisa kabla mama hajatoka. Hapa nawasihi akina mama, na zaidi akina baba. Mara nyingi mama anataka kurudi nyumbani asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa kitanda kina watu wawili na nyumbani wako watoto wengine. Baba naye amekwisha kumlipa mtu wa boda boda, anangoja chini ya mti. Mvumilie, ndugu. Mwambie mwenye pikipiki akanywe chai.

Je, chombo hiki hakikosei? Kinakosea, na asiyewaambia hivyo anawauzia kitu. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya matokeo ya uchunguzi wa watoto karibu 230,000 kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba oksimita iliwatambua karibu watoto 76 katika kila 100 waliokuwa na kasoro kubwa za moyo. Wengine 24 iliwapita. Kwa hiyo mtoto aliyepita kipimo asisahauliwe. Mama akiona mtoto anatoka jasho la kipaji wakati wa kunyonya, anaachia titi kila mara kama mtu aliyepanda kilima, anapumua mbio hata akiwa amelala, na haongezeki uzito, amrudishe hospitali. Asiambiwe, “Lakini mashine ilisema ni mzima.”

Liko na jambo la ngozi. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya watu wazima, wakaonyesha kwamba chombo hiki kiliwahesabu wagonjwa weusi kuwa na oksijeni ya kutosha, huku hawana, karibu mara tatu zaidi ya weupe. Watoto wachanga hawakuwa katika uchunguzi huo, lakini wauguzi wetu wanafaa kulijua. Tarakimu iliyo ukingoni kabisa, 95 juu juu tu, kwa mtoto ambaye mama yake anasema hanyonyi vizuri, si ya kupuuzwa. Mama naye ni chombo.

Pamoja na kasoro zake, faida yake imeonekana. Marekani serikali ilipendekeza mwaka 2011 kwamba kila mtoto apimwe. Baadaye, mwaka 2017, ilichapishwa kwamba katika majimbo yaliyofanya kipimo hicho kuwa sheria, vifo vya watoto wachanga kwa kasoro kubwa za moyo vilipungua kwa theluthi hivi. Na kwetu huku naona iko faida ya pili ambayo huenda ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Mtoto mwenye oksijeni ndogo si lazima awe na moyo mbovu. Mara nyingi ana nimonia, au vijidudu vimeingia katika damu yake, au mapafu hayajafunguka vizuri. Hayo yanatibika kwa dawa zilizoko Busia, bila safari ya Nairobi. Chombo tulichokinunua kwa ajili ya moyo kitamwokoa mtoto wa nimonia, na mama yake wala hatajua kwamba kilikuja kwa baiskeli.

Lakini wako ndugu watakaosema, “Sisi tunaomba. Mashine ya nini?” Nawajibu kwa ile habari ya mtu aliyepooza katika Injili ya Marko, sura ya 2. Watu wanne walimbeba rafiki yao. Walikuta mlango umejaa, wakapanda juu, wakabomoa dari ya nyumba ya watu, wakamshusha kwa kitanda chake. Na Bwana aliiona imani yao, yaani ya wale wabebaji. Hatuelezwi majina yao. Wala hatuelezwi ni nani aliyelipa dari, jambo ambalo mimi, kama mtu aliyewahi kuezeka, hunisumbua kidogo. Waliamini, ndiyo sababu walibeba. Mtoto wa siku mbili hawezi kujipeleka popote, hawezi hata kusema kwamba pumzi inamwishia. Anangoja wabebaji.

Swali zito zaidi huulizwa na wauguzi wenyewe: tukimtambua mtoto, tutampeleka wapi? Ni swali la haki. Hapo zamani hapakuwa na mahali. Duniani kote mtoto wa kibuluu alikuwa ni wa kufa, mpaka Novemba 1944, mjini Baltimore, Marekani, ambapo mtoto mdogo wa kike alipasuliwa na kuunganishiwa mshipa ili damu ipate kufika mapafuni. Daktari Helen Taussig ndiye aliyewaza jambo hilo. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo alijifunza kusikia mapigo ya moyo kwa mikono. Daktari Alfred Blalock ndiye aliyeshika kisu. Lakini nyuma ya Blalock, juu ya kibago, alisimama mtu mweusi aitwaye Vivien Thomas, ambaye hakuwahi kusoma chuo cha udaktari, akimwelekeza mahali pa kushona, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameijaribu kazi hiyo kwa mbwa mara nyingi. Mshahara wake ulikuwa mdogo na jina lake halikutajwa kwa miaka mingi. Chuo kikuu kile kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976. Nawatajia habari hii ili kijana anayefagia maabara asijidharau.

Siku hizi mahali pa kupeleka papo. Eldoret kuna hospitali kuu ya Moi. Nairobi kuna Kenyatta na Mater. Tenwek, kule Bomet, hospitali ya misheni, hupasua moyo. Ng'ambo ya mpaka, Mulago mjini Kampala, kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda. Na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015. Sisemi ni rahisi. Kutoka Busia hadi Nairobi ni zaidi ya kilometa 400, na foleni ni ndefu. Lakini iko dawa iitwayo prostaglandini ambayo huizuia ile njia ya panya isifunge, ili mtoto apate siku za kusafiri. Dawa hiyo haina maana kwa mtoto ambaye hakuna aliyemtambua. Kila kitu huanza na zile tarakimu mbili za mkono na mguu.

Sasa, familia ya Marachi ikitaka kupanda baiskeli kwa kazi hii, ifanyeje?

Kwanza isikimbilie kununua chombo. Iende hospitalini, imwone muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, imwulize kwa heshima: “Sista, mnapima oksijeni ya watoto kabla ya kuwaruhusu? Mna chombo? Kinafanya kazi?” Huenda chombo kipo, ila ukanda wa mtoto umekatika. Hili ni jambo dogo linaloharibu mengi. Oksimita ya kubana kidole cha mtu mzima, ile inayouzwa madukani, haifai kwa mtoto mchanga. Kidole chake ni kama kijiti cha kiberiti. Anahitaji ukanda laini wenye taa, unaozungushwa kwenye mkono au wayo wake. Ukanda huo huchakaa upesi kuliko mashine. Nimeona katika stoo za hospitali zaidi ya moja mashine nzuri za msaada, zimefunikwa kwa kitambaa, na ugonjwa wao wote ni waya mmoja uliokatika. Kwa hiyo familia ikichanga, nusu ya mawazo iwe juu ya chombo na nusu juu ya kanda za akiba, chaji, na fundi wa hospitali atakayekitunza. Bei zake zinatofautiana sana. Shirika la Lifebox, lililoanzishwa mwaka 2011 ili kupeleka oksimita imara katika vyumba vya upasuaji vya nchi maskini, lilianza na chombo cha dola 250 hivi. Hizo ni fedha ambazo kusanyiko moja hutoa kwa ajili ya spika za kwaya.

Pili, njia. Nawasihi msiwapeleke watoto kwenye barabara kuu ya Malaba au ya Busia, ambako matrela hupanga foleni ndefu na mengine hujaribu kupita pembeni. Chagueni njia za murramu za ndani, Butula kwenda Bumala na vijijini, Jumamosi alfajiri kabla ya jua kali. Mwambieni chifu na polisi mapema. Wakubwa watangulie na wakubwa wafunge nyuma, watoto katikati. Pampu iwepo, na viraka vya pancha, na maji. Mtoto mdogo akae juu ya keria ya baba yake. Huyo naye amepanda. Na Kukhu, ambaye magoti yamekataa, akae kwenye kiti mahali pa kumalizia na daftari la ahadi mkononi. Mtu aliyeahidi shilingi 10 kwa kilometa hatathubutu kumkwepa.

Tatu, hesabu. Fedha zihesabiwe mbele ya watu siku ile ile, ziandikwe, na risiti ya chombo isomwe kanisani Jumapili inayofuata. Harambee nyingi zimekufa kwa sababu ya daftari lililopotea.

Limebaki jambo moja, nalo halihitaji baiskeli. Chombo kikiisha kufika, utakuja usiku ambapo kitaonyesha 84, na muuguzi atakuwa peke yake, na gari la hospitali litakuwa limekwenda Kakamega. Kusanyiko liandae mapema majina ya watu watatu au wanne wenye magari, waliokubali wenyewe kuamshwa saa yoyote kwa safari ya Eldoret, na la mtu mmoja atakayeweka akiba ya mafuta. Namba zao za simu ziandikwe kwa wino mweusi kwenye kadi, na kadi ibandikwe ukutani juu ya meza ya sista wa zamu ya usiku, mahali ambapo ataisoma bila kumwacha mtoto.